Tochi ya kichwani ya shilingi 1,450: popo wameivumilia, nyani wameikataa

Nianze na kasoro yake kubwa, maana ndiyo iliyonikalisha gizani karibu nusu saa, shuka la mtu kichwani, huku kinyesi cha nyani kikinidondokea begani.

Tochi hii ina kitufe kimoja tu. Bonyeza mara ya kwanza, mwanga mkali. Ya pili, wa wastani. Ya tatu, mwekundu. Ya nne, mweupe wa kupepesa, ule wa waka-zima-waka-zima kama ambulansi. Ya tano ndiyo inazima. Kwa hiyo ukiwa kwenye mwanga mwekundu, na ndani ya pango huo ndio mwanga wa adabu, huna njia ya kurudi gizani bila kupitia disko. Aliyeitengeneza hajawahi kuingia kwenye nyumba ya mnyama bila kubisha hodi.

Mimi ni fundi wa umeme, mzaliwa wa Likoni, sasa mwaka wa kumi na moja niko Kitale. Mapango niliyapendea kwa babu mzaa mama, aliyekuwa mvuvi kule Shimoni. Jina lenyewe la mji ni shimo, na shimo lipo kweli, pango la matumbawe linaloelekea baharini, lenye historia nzito ya utumwa na popo wengi darini. Tulikuwa tunaingia na kibatari, tukitoka pua nyeusi kwa masizi. Tangu hapo kila nikipata likizo na nauli natafuta pango, na kila nikipata pango naona tochi niliyo nayo haifai. Hii ni ya sita.

Niliinunua Nairobi, Luthuli Avenue, kwa shilingi 1,450 baada ya kuanzia 2,200. Jina lililo kwenye boksi sitalitaja, wala lisingekusaidia: miezi miwili baadaye nilipita nikaona tochi ile ile, boksi lile lile, jina jingine.

Boksi linasema lumeni 20,000, yaani kipimo cha wingi wa mwanga. Hebu tuhesabu. Balbu ya LED ya wati 9, hiyo uliyo nayo sebuleni, inatoa lumeni kama 800. Kwa hiyo ningekuwa nimejifunga balbu ishirini na tano kwenye paji la uso. Ngozi ingeiva. Betri ni mbili, zile ndefu za duara za milimita 18 kwa 65, na kila moja imeandikwa mAh 9,800, yaani kiasi cha chaji inachobeba. Uongo huo hata haujajificha: betri za umbo hilo, hata za viwanda vinavyoheshimika, zinaishia kwenye 3,500 hivi au zaidi kidogo. Nilizitoa nikazipima kwa mashine yangu ya kupimia betri. Moja ilitoa 1,310, ya pili 1,260. Nilicheka peke yangu dukani kwangu.

Ila sikuirudisha, kwa sababu vitu vingine nilivipenda. Uzito ni gramu 240 kwa mizani ya mama mboga wangu, na mzigo umegawanywa vizuri, taa mbele na sanduku la betri kisogoni, hivyo shingo haichoki. Mkanda ni mpana, haukati. Shingo ya taa inainama hadi chini kabisa, ukaona unapokanyaga bila kuinamisha kichwa. Mwanga mkali unadumu saa moja na dakika arubaini kabla haujaanza kufifia, wa wastani saa nne na kitu. Ule mwekundu niliuwasha baada ya swala ya isha nikaulaza mezani. Alfajiri ulikuwa unawaka bado.

Basi nikaipeleka Suswa.

Kwa wasiopajua, Suswa ni volkano, mita 2,356, unaiendea kutoka Mai Mahiu ukielekea Narok. Watu wa fani yangu wanapajua kwa sababu nyingine: huko ndiko unakoishia ule waya mkubwa wa kilovolti 400 unaotoka Loiyangalani na umeme wa upepo wa Turkana. Nilisimamisha gari niutazame. Mpwa wangu, kijana wa miaka ishirini niliyekuwa naye, aliniuliza, "Mjomba, tumekuja kuona mapango au nguzo?" Sikumjibu.

Gari lenyewe ndilo lililotuharibia siku. Tulilikodi kwa mtu, na nilipomuuliza kuhusu gurudumu la akiba alilipiga teke, akasema liko fiti. Pancha ilitupata kwenye mawe ya kupanda mlimani, tukakuta hilo la akiba halina upepo hata wa kuzima mshumaa. Tulipanga kuingia pangoni saa nane mchana. Tuliingia saa kumi. Nalisema hili kwa sababu linahusika: kwenye mapango ya Suswa saa si kitu kidogo. Kuna wenyewe, na wana ratiba.

Mapango haya si ya maji wala chokaa kama ya kwetu pwani. Ni mabomba. Lava ilipokuwa inatiririka, ngozi ya juu iliganda, ya ndani ikaendelea kwenda zake ikaacha bomba tupu. Baadaye dari ikaporomoka hapa na pale, na mashimo hayo ndiyo milango. Unashuka kwenye mawe makubwa, miti imeota ndani ya shimo, halafu giza linaanza ghafla. Tulikuwa na kijana wa Kimaasai wa hapo hapo mlimani, shuka jekundu, fimbo, na tochi ya simu tu. Aliitazama yangu akasema, "Mzee, hiyo ni ya kuita ndege itue."

Chumba cha kwanza kilikuwa cha popo. Hapa tochi ilifanya vizuri, lazima niseme. Hawa ni wale popo wenye masikio makubwa yaliyolala mbele kama ukingo wa kofia, wanaokula wadudu. Wamejibana kwenye mianya ya dari, wameshikana kama zege. Kijana alituambia, "Hapo usimulike juu." Nikaweka mwekundu. Watafiti wa popo nao hutumia taa nyekundu kwa sababu huwasumbua kidogo kuliko nyeupe, na nililiona kwa macho: vichwa viwili vitatu viligeuka, wengine wakaendelea na usingizi. Halafu kimya kilipotulia nikasikia tik, tik, tik, kama waya uliolegea unaopiga cheche. Nilishika kisogo changu nikidhani ni sanduku la betri. Kumbe ni wao. Popo wengi sauti zao za kupimia njia ni za juu mno kwa sikio la binadamu, lakini hawa wanazo za chini kiasi kwamba unawasikia. Mpwa wangu aliyesikia zaidi yangu alisema ni kama mtu anayebofya kalamu. Masikio ya miaka ishirini hayo.

Mbele kidogo tukakuta vumbi jembamba, kama simiti iliyomwagika. Kijana akasimama. Mimi sikuona kitu. Akaniomba tochi, akaivua kichwani mwangu, akaishusha mpaka karibu na goti lake, akamulika kwa ubavu. Nyayo zikainuka kutoka chini kama zimechorwa wakati huo: duara, vidole vinne, hakuna alama ya kucha. Chui.

Nilishangaa kwa sababu ya chui, halafu nikashangaa kwa sababu ya taa. Kazi yangu ni mwanga na sikuwa nimelifikiria hilo. Taa iliyo kwenye paji la uso inatoka pale pale yalipo macho, kwa hiyo kivuli cha kila kitu kinajificha nyuma ya kitu chenyewe, na ardhi yote unaiona bapa. Ukitaka kuona nyayo, taa iwe chini na pembeni. Kwa hiyo ukinunua tochi ya kichwani, hii au nyingine yoyote, chukua na ndogo ya mkononi. Mkanda wa hii unatoka haraka, hiyo ni alama yake nyingine nzuri, lakini kuvua taa kichwani mahali penye nyayo za chui si jambo la kufanya kila dakika tano.

"Anafuata nini humu?" nikauliza.

"Anafuata hao tunaokwenda kuona."

Tulikwenda kuwaona saa kumi na moja na kitu, tukiwa tumechelewa, naye akilisema hilo kila baada ya hatua kumi. Panaitwa Bunge la Nyani. Ni ukumbi mkubwa wenye tundu darini, mwanga wa jua unaingia kama nguzo, na chini yake kuna mawe makubwa yaliyopangana ngazi ngazi. Nyani huja kulala humo usiku, juu kabisa ambako chui atapata tabu kufika. Gusa yale mawe. Yamelainika na kung'aa kama baraza la zamani la Lamu, kwa makalio ya vizazi na vizazi. Harufu sitaieleza. Fikiria choo cha stendi wakati wa mgao wa maji, kisha kifunge dirisha.

Tulikuwa pembeni, nyuma ya jiwe, taa yangu kwenye mwekundu, nikipapasa ule ulaini. Ndipo kijana aliponishika mkono. Juu, ukingoni mwa tundu, alikuwa amekaa mmoja, mweusi dhidi ya anga. Wakawa watatu. Wakawa kumi. Mmoja akaanza kuteremka, mtoto amemng'ang'ania tumboni.

"Fundi," akanong'ona, "zima."

Nikabonyeza.

Ukumbi wote ukapepesa. Mweupe, giza, mweupe, giza, na katika kila mweupe nyani walikuwa mahali pengine: mmoja hewani, mmoja ukutani mikono imetanda, mmoja kinywa wazi na meno nje, meno ambayo ukiyaona hutasahau kwamba chui naye ana sababu ya kuwaogopa. Dume akabweka, sauti inayotoka tumboni, "wa-hu!", na ukumbi ukairudisha mara tatu. Vijiwe vikaanza kuporomoka. Nyani akishtuka sana tumbo humfunguka, na walikuwa juu yetu. Nikabonyeza tena kwa pupa, kumbe nimebonyeza mara mbili, imezima na kuwaka tena, mwanga mkali huu sasa, nimemulika dume usoni. Yule kijana hakungoja nihesabu. Alinitupia shuka lake kichwani, akaikumbatia ile taa na kichwa changu vyote pamoja, akatukalisha chini.

Tulikaa. Mpwa wangu alikuwa anasoma ayatul kursi, mimi nilikuwa natafuta kitufe kwa kidole gumba chini ya shuka, nikihesabu: wastani, mwekundu, kupepesa, zima. Nilipofika kwenye kupepesa, shuka lilipenyeza mwanga kidogo na dume akabweka tena. Kisha giza. Tukawasikia wakijipanga, wakisukumana, wakilaumiana. Mtoto mmoja alilia kwa muda mrefu kama mtoto wa jirani. Kelele zilipopungua, kijana alitutoa kwa njia ya nyuma tukitambaa, mkono wangu umeshika mguu wa mpwa wangu, yeye ameshika fimbo ya mwenzetu.

Nje tulipotazamana hakuna aliyecheka mpaka tulipofika kwenye gari. Kijana alisema tu kwamba hata watu wa miguu mitano wangechelewa kuliko nyani. Mpaka leo sijui maana yake, lakini ilitufungua vicheko. Shuka lake nililichukua nikalifue.

Pango la Kitum nilikwenda miezi miwili baadaye, na hapa sikuwa na visingizio vya gari, ni karibu na nyumbani. Toka Kitale, pita Endebess, ingia hifadhi ya Mlima Elgon, na uende na askari wa hifadhi. Sisi tulipewa mwanamama mmoja mwenye bunduki na maneno machache. Kabla ya kuingia alihakikisha tuna barakoa na glavu. Wengi wanaona ni kero. Mimi si mmoja wao: mwaka 1980, na tena 1987, watu waliozuru pango hili waliugua homa ya Marburg, ugonjwa wa jamii ya Ebola, na kufariki, na virusi hivyo makao yake ni popo wala matunda wanaokaa mapangoni. Mwaka 2024 ulipozuka Rwanda, chanzo kilikuwa mgodi wenye popo hao hao. Usiguse ukuta kisha ukajishika jicho. Basi. Na hapo ndipo tochi ya kichwani inapokupa thamani ya pesa yako, kwa sababu mikono haina haja ya kwenda usoni. Ila kitufe cha hii ni kidogo, na ukivaa glavu hukisikii. Weka hilo kwenye orodha ya dhambi zake.

Pango linaingia mlimani kama mita 200, na ndovu ndio waliochangia kulichimba. Mvua ya Elgon imesafisha chumvi yote kwenye majani na vijito, kwa hiyo wanaifuata ndani ya mwamba. Usiku wanaingia kwa mstari, gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mkonga, wanachokonoa ukuta kwa pembe na kusaga mawe kwa magego. Wao hawahitaji tochi. Mikwaruzo iko kila mahali, mirefu, sambamba, mingine juu ya kimo changu, na ukiweka mwanga wa ubavu kama nilivyofunzwa Suswa unaona kila mkwaruzo una midomo yake, wa zamani umelainika, mpya bado una unga mweupe. Ndovu wenyewe hatukuwaona. Tuliona samadi mbichi, na askari aliikanyaga kwa ncha ya kiatu, akanusa hewa, akasema, "Jana usiku." Kuna ufa mrefu mle ndani ambao watoto wa ndovu wamewahi kutumbukia na kufa. Akasimama mbele yake mpaka sote tukavuka. Mwanga mkali niliutumia hapo tu, na hapo nilishukuru upo.

Popo wa Kitum si kama wa Suswa. Hawa wana macho makubwa, na ukimulika kwa bahati mbaya unaona vijicho vya rangi ya chungwa vikikutazama kama makaa. Nikarudi kwenye mwekundu upesi.

Tukiwa karibu na mwisho, askari aliinua ngumi. Tukasimama. Kulikuwa na sauti: shwaa, shwaa, ya kitu kinacholamba. Moyo wangu ulisema ndovu. Kidole changu kilikwenda kwenye kitufe chenyewe bila kuniuliza, kikafika nusu ya njia, kikakumbuka. Badala ya kubonyeza nilifunika kioo kwa kiganja. Mwanga mwekundu ukabaki mstari mwembamba kati ya vidole, na ndani ya mstari huo nikaona mguu mwembamba, kisha tumbo lenye madoa meupe. Pongo. Dume la pongo, peke yake, limeelekeza uso ukutani, linalamba chumvi kama mtoto anavyolamba ukwaju. Lilitusikia. Likageuka, likakaa hivyo, masikio tu yanazunguka. Kisha likapita katikati yetu na ukuta, kwato zikigonga mwamba, karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya majani mdomoni mwake. Hakuna aliyepumua. Lile lisingekuwa jambo la kuliwashia disko.

Kuhusu maji: mlangoni mwa Kitum yanadondoka kutoka juu, na boksi linadai tochi haiingii maji. Kifuniko cha mpira cha tundu la chaji kilichomoka siku ya kwanza. Nilikigundisha kwa gundi. Inavumilia matone, isitumbukie tu.

Nyumbani niliifungua yote. Kule kupepesa kumeandikwa ndani ya chipu, huwezi kukutoa bila kuitupa bodi. Nilichofanya ni kukata waya mwekundu unaotoka kwenye betri na kulehemu swichi ndogo ya kusukuma, ya shilingi 30, ubavuni mwa sanduku la kisogoni. Sasa nikiwa kwenye mwanga wowote nasukuma kwa kidole, hata cha glavu, na giza linaingia hapo hapo. Ukiirudisha, inaanza ikiwa imezima. Betri nazo nimezitupilia mbali na kuweka mbili zilizotolewa kwenye kompyuta mpakato mbovu, zinazotoa 2,200 kila moja. Hazijaandikwa maajabu.

Kwa hiyo: ikiwa unapanda darini kuvuta waya, au unakamua ng'ombe alfajiri, inunue, usilipe zaidi ya 1,200. Ikiwa unaingia kwenye pango lenye wenyewe, inunue pamoja na swichi, au mpe fundi wa mtaani akuwekee kabla ya safari. Nyota mbili na nusu kama ilivyo dukani, nne baada ya kuilehemu.

Lile shuka nililifua mara tatu, mara moja kwa ndimu. Nilipompigia yule kijana kumwambia nalituma na gari la abiria, aliniuliza kama linanuka bado. Sikuweza kumdanganya. Akasema amekwisha nunua jingine, hilo nikae nalo. Liko stoo, ndani ya ndoo yenye kifuniko.